Namna ya Kuuguza Goti Moja Ukiwa na Ukoo Mzima

Goti likivunjika Kawe halibaki la mwenyewe. Bajaji iliyomleta Mama kutoka hospitali haijageuza vizuri, jirani wa kushoto ameshaleta mto, wa kulia ameuliza ni mguu upi, na shangazi yuko njiani kutoka Temeke na nazi mbili, chupa ya mafuta ya ufuta na mzee mmoja anayejua kuchua. Saa kumi jioni nilihesabu watu kumi na wanne sebuleni. Wote walikuwa wanampenda Mama kwa dhati, na kila mmoja alikuwa na tiba yake.

Mama aliteleza kwenye mfuniko wa mtaro hapa Ukwamani, asubuhi ya masika, ndoo mkononi. Akaanguka kwa goti la kulia. Nimemuuguza miezi minne, na haya ninayoandika ni kwa ajili yako wewe utakayerudi nyumbani na mgonjwa wa goti, karatasi ya kliniki na pakiti ya vidonge, halafu ugundue kwamba hospitali wamekufundisha kuangalia mguu lakini hakuna aliyekufundisha kuangalia wageni.

Anza kwa kujua kilichovunjika, maana "goti" ni jina la mtaa mzima. Kwa Mama ilikuwa kilegesambwa, ile pia ya goti. Jina hilo la pia limekaa mahali pake: ukiishika inafanana kweli na pia wanayozungusha watoto, pana juu, imechongoka chini. Kazi yake ni ya kapi. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unavuta kamba, kamba inapita juu ya pia, na mguu unanyooka. Pia ikipasuka lakini vipande havijaachana, mara nyingi mguu unafungwa ukiwa umenyooka kwa wiki 4 hadi 6. Vipande vikiachana, kamba imekatika, mgonjwa hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, na hapo kwa kawaida daktari anafungua na kuvifunga kwa waya. Lakini kama kilichovunjika ni kichwa cha mfupa wa muundi, pale chini ya goti, habari ni nyingine kabisa: mgonjwa anaweza kukatazwa kukanyaga kwa wiki nyingi, pengine hadi 12. Kwa hiyo jirani akikuambia "hata mimi nilivunjika goti na wiki ya tatu nilikuwa natembea," msikilize, mshukuru, na usimfuate. Goti lake si goti lako.

Usitoke hospitali bila majibu ya maswali matatu: akanyage au asikanyage? Aanze kukunja lini? Arudi lini? Mimi niliyaandika majibu kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani juu ya kitanda, maneno ya kwanza yakiwa DAKTARI AMESEMA. Ile karatasi ilinifanyia kazi kuliko vidonge. Mtoto wa Kiswahili hawezi kumjibu shangazi yake, lakini karatasi inaweza.

Na shangazi alijibiwa siku hiyohiyo.

"Mwanangu, mfupa usipochuliwa mapema unaganda vibaya. Sisi tumelelewa hivyo."

Nilimpa shikamoo ya pili, nikampa kiti, nikamweleza taratibu. Kuuchua kwa nguvu mguu uliovunjika kunaweza kusogeza vipande vilivyokuwa vimekaa sawa, na msuli uliojeruhiwa ukisuguliwa sana unaweza hata kuotesha mfupa ndani ya nyama. Mbao za kufungia mfupa zikikazwa kwa kamba kupita kiasi zinazuia damu, na kuna watu wamepoteza mguu kwa sababu hiyo. Tunaishi katika mji wenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, matunda ya kazi ya watu kama Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa aliyewahi pia kuwa Waziri wa Afya, ambaye tulimzika mwaka 2025. Ujuzi upo. Kuukimbia ukiwa umeshaufikia ni kujionea.

Lakini usimwondoe shangazi mikono mitupu, wala usimwaibishe mzee aliyekuja naye. Wape mabega. Mtu anayetembea na magongo anaumwa mabega, shingo na viganja vibaya sana, na huko kuchuliwa ni halali na ni raha. Mzee wetu alikuja kila Jumamosi kwa wiki sita akimchua Mama mabega kwa mafuta ya ufuta, na mguu hakuugusa. Mama alikuwa anamsubiri.

Siku tatu za mwanzo kazi ni kupunguza uvimbe. Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Barafu huna haja ya kuitafuta mbali. Nyumba ya tatu kutoka kwetu wanauza barafu za ubuyu na ukwaju, nikaomba nafasi ya chupa mbili za maji za nusu lita kwenye friza yao. Zungushia khanga, weka dakika 15 hadi 20, ondoa, rudia baada ya saa kadhaa. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja, na plasta isilowe.

Sasa suala la mto, ambalo lilinigombanisha na wifi yangu. Ukimwona mtu ana goti linalouma, mkono unakwenda wenyewe kuweka mto chini ya goti. Anasikia nafuu, anakushukuru, na wewe unalala umeridhika. Goti lisilo na plasta likikaa limekunjwa hivyo usiku baada ya usiku, linazoea, na siku ya kulinyoosha linakataa. Mto uwe chini ya kisigino na shavu la mguu, goti likae hewani likijinyoosha lenyewe. Haupendezi kuutazama, na mgonjwa atanung'unika. Plasta ya Mama ilipotolewa, nilimkuta wifi usiku wa manane anausogeza ule mto kwa huruma, machozi yanamlenga. Nikaurudisha. Tukanyamaza asubuhi nzima, halafu akanipikia chai.

Kama mguu uko kwenye plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, kuna jaribu la siku ya kumi: muwasho. Mama aliomba sindano ya kufumia. Jirani akaleta rula. Mjukuu akaja na mti wa mishikaki. Vyote nilivinyang'anya, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndani ya hogo, mahali pasipopata hewa, unakuwa kidonda usichokiona mpaka kinuke. Gongagonga hogo kwa nje, puliza hewa ya baridi, mpe mazungumzo. Mazungumzo yanasaidia kuliko unavyodhani.

Na mambo haya hayana cha kusubiri asubuhi wala ushauri wa mgeni. Vidole vya mguu vikiwa vya baridi, vya bluu au vyenye ganzi. Maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, hasa ukivinyoosha vidole. Shavu la mguu kuvimba na kuuma. Kifua kubana au pumzi kukata ghafla. Homa, usaha, harufu mbaya. Ukiona kimojawapo, tafuta usafiri saa hiyohiyo. Damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na mtu anaondoka huku mfupa wake ukiwa unaendelea vizuri. Ndiyo maana mgonjwa achezeshe kifundo chake juu na chini mara nyingi kwa siku, kama anakanyaga cherehani.

Vidonge: fuata karatasi. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki ambayo kila duka la dawa litakuuzia bila swali si ya kila tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au presha amuulize daktari kwanza.

Tuje kwenye supu.

Ndani ya wiki ya kwanza tulipokea sufuria tisa za supu ya kongoro. Nimezihesabu. Kawe ina haki ya kumwamini ng'ombe, maana hapa ndipo palipokuwa kiwanda cha Tanganyika Packers kilichosindika nyama ya makopo, na hata leo, miaka mingi baada ya mashine kunyamaza, ukitaka kumwelekeza mtu huku unaanza na Packers. Imani ya watu ni kwamba mguu wa ng'ombe unaunga mguu wa mtu. Kongoro ni tamu, inamtia mgonjwa hamu ya kula, na ule utelezi wake ni protini. Lakini kalsiamu ndani ya supu ile ni kidogo sana. Mfupa hauyeyuki sufuriani kwa kuchemshwa, hata ukikesha. Anayejenga mfupa yuko kwenye kikapu cha bei nafuu: dagaa, wanaoliwa na miiba yao yote. Ongeza maziwa au mtindi, mayai, maharage, samaki wa Kunduchi siku ukiwa na hela. Mchicha uliwe kwa faida zake nyingine, kwa sababu kalsiamu yake imebanwa na asidi iliyomo humohumo na mwili hauipati kirahisi. Jua la asubuhi mlangoni, mikono na miguu wazi, kwa ajili ya vitamini D. Sigara hapana: inachelewesha mfupa kuunga. Na kwa kuwa lugha yetu imeweka mambo mawili katika neno moja, niseme wazi kwamba mgonjwa wa goti anahitaji magongo mawili ya kutembelea. La tatu, la kwenye chupa, lisivuke kizingiti. Linamwangusha mtu mwenye miguu mizima, sembuse yeye.

Supu tisa tuligawa. Tulimwachia Mama bakuli moja kwa siku, nyingine zikaenda kwa watoto wa jirani, na kwa kila aliyeuliza "je, dada yangu, supu imefika?" nilijibu kwamba imefika na imeliwa yote, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Choo ndicho kinachovunja heshima ya mgonjwa kabla ya kingine chochote, nacho hakipo kwenye karatasi ya kliniki. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu mwenye goti lisilokunjika hawezi, na ukimwambia ajaribu ataanguka. Nunua kiti cha plastiki kizito, chenye mikono, mpelekee fundi seremala akate tundu katikati na kusugua kingo kwa msasa, kisha ukikalishe juu ya tundu la choo. Hakikisha miguu ya kiti ina mpira chini, haitelezi kwenye saruji yenye maji. Chimbia ukutani bomba la kushikia. Bafuni weka kiti cha pili, ndoo iwe juu ya stuli ili asiiname, kopo karibu. Fanya haya siku ya kwanza, kabla hajaomba. Mama alikaa siku mbili anakunywa maji kidogo makusudi ili asisumbue watu, na mimi sikuelewa mpaka midomo yake ilipokauka. Hilo bado linaniuma.

Magongo nayo yana adabu yake. Yapimwe mgonjwa akiwa amesimama na viatu: vidole viwili au vitatu vipite kati ya kwapa na gongo, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito uende mikononi. Anayejitundika kwa makwapa atapata ganzi ya mkono juu ya kuvunjika mguu, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita pale. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa na magongo hutangulia kushuka. Lisemeni kwa sauti kila mara. Sisi tulilifanya wimbo. Halafu kuna mchanga wa Kawe. Gongo linazama, mgonjwa anayumba. Tulitafuta vipande vya mbao za paleti tukavipanga kutoka mlangoni hadi barabarani, na vijana wa bodaboda wa kijiweni ndio walioleta misumari. Angalia zile kofia za mpira chini ya magongo kila wiki. Zikilika, gongo linakuwa barafu.

Safari ya kliniki ni kwa bajaji, na kuna namna ya kumwingiza. Aingie kwa makalio, mgongo ukitangulia, ajisogeze mpaka upande wa pili, mguu mbovu ulale juu ya kiti kizima. Wewe msindikizaji kaa mbele na dereva kama atakuruhusu, au chukua bajaji ya pili. Daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, hata konda akisema "siti ipo," mwachie aende.

Sasa nafika pale nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Mfupa unajua kazi yake. Ukiwekwa sawa, ukilishwa, kwa wengi ndani ya wiki 6 hadi 12 unashika. Kinachopotea wakati huo ni msuli. Paja lisilofanya kazi linaanza kunywea ndani ya siku chache, na goti lililofungwa linakakamaa. Na hapo ndipo upendo wetu unapoleta madhara. Mama alitaka kikombe, watu watatu wakainuka. Alitaka kugeuka, wawili wakamgeuza. "Tulia, Mama, usijisumbue." Kila mgeni aliyemkuta amelala aliridhika kwamba anauguzwa vizuri, na kila aliyemkuta anajaribu kitu alinitazama mimi kwa jicho la lawama. Hogo lilipotolewa, paja lake la kulia lilikuwa kama mkono wangu. Aliangalia, akavuta khanga akalifunika, akageukia ukutani.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakunilaumu. Alinionyesha zoezi ambalo ningeweza kumfanyisha tangu wiki ya kwanza, hata ndani ya hogo: akaze msuli wa mbele ya paja, kama anataka kuligandamiza goti kitandani, ahesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Halionekani kwa nje. Baadaye, kwa ruhusa, kunyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka. Baadaye tena, kuburuta kisigino kuelekea makalioni, kidogo kidogo. Akanipa na hesabu ya kukunja: kutembea kunahitaji digrii 60 hadi 70, kukaa na kuinuka kwenye kiti kama 90 au zaidi kidogo, kuchuchumaa kunapita 110. Nikaelewa kwamba kila digrii ni mahali fulani ndani ya nyumba yetu. Sitini ni mlangoni. Tisini ni kiti cha barazani. Mia na kumi na ushei ni jiko la mkaa alipokuwa anakaangia vitumbua.

Nikarudi nyumbani nikaweka kiingilio. Hiki ndicho ninachokuomba ukichukue, hata ukisahau mengine. Mgeni yeyote akija kumwona mgonjwa, hapewi soda kabla hajamhesabia mara kumi. Anakaa kando ya kitanda, anasema "kaza," anahesabu hadi tano kwa sauti, anasema "achia," mpaka kumi zitimie. Watu wanaokuja na pole hawajui waweke wapi mikono yao, wape hesabu. Ilikuwa ajabu kuona. Watoto walihesabu haraka mno. Jirani wa kulia alihesabu kwa Kiarabu. Mama mchungaji alihesabu huku anaomba, nami nikamwambia maombi na mazoezi vinaweza kwenda pamoja, ila mafuta yasiguse pale jeraha lilipo. Siku yenye wageni wanane Mama alikuwa amefanya mara themanini, na ule wingi wa watu ulioniogopesha siku ya kwanza ukawa ndio dawa.

Ikiuma kidogo wakati wa zoezi na ikatulia baadaye, endeleeni. Ikiuma usiku kucha au goti likivimba na kupata joto, mmezidisha. Pumzikeni, ulizeni kliniki. Asije mtu mwenye nguvu zake akasema atalikunja kwa mara moja. Goti linabembelezwa.

Na mpe kazi. Mama alikuwa na daftari la wadaiwa wa vitumbua, nikamrudishia. Alichambua mchele, alipepeta choroko, alinielekeza unga uumuliwe saa ngapi, na alinigombeza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika. Aliswalia kwenye kiti, kama dini inavyomruhusu asiyeweza kusujudu, na alipoona Waislamu wenzake wanamhurumia kwa hilo aliwaambia Mungu hakagui magoti.

Mwezi wa tatu tukaanza kwenda viwanja vya Packers alfajiri, kabla jua halijakaza. Mwanzo magongo mawili na mizunguko ya hatua ishirini. Kisha gongo moja, mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Watu wengi hulishika upande mbovu. Kisha mkono wangu tu. Kilichonishangaza ni jinsi alivyokuwa anasalimiwa, kila mita mia na aliyemhesabia.

Magongo yenyewe hayakuwa yetu. Yalitoka kwa familia moja ya Mzimuni, nao waliyapata kwa mtu mwingine. Kwenye mshikio mmoja kuna herufi mbili zilizochongwa kwa kisu ambazo hatujui ni za nani. Kwa hiyo mgonjwa wako akiyaweka chini, usiyatupe darini. Yafute, kaza skrubu, nunua kofia mpya za mpira, na yaache nyuma ya mlango. Yetu yalikaa siku kumi na moja. Juzi usiku mama wa kijana mmoja wa kijiweni, mmoja wa wale walioleta misumari, alibisha hodi kuyaulizia. Mama ndiye aliyekwenda kuyachukua nyuma ya mlango. Aliyapimia kwanza kimo cha kijana kwa kumkumbuka, akashusha mshikio matundu mawili, kisha akauliza: "Kavunjika pia, au mfupa wa chini?"